Kwa Mayai, Sauti Tu

Trei moja la mayai, jogoo mmoja mwekundu na ng'ombe ndume wawili walionona. Hiyo ndiyo gharama ya leo. Nimehesabu, nikahesabu tena, imetoka ileile. Ila mke tumepata! Kwa hiyo someni kwa adabu, mnaongea na mshindi. Mshindi aliyeumbuka, lakini mshindi.

Leo ilikuwa siku ya kuongea mahari ya Masanja, mtoto wa marehemu kaka yangu. Mimi ndiye baba yake sasa, na mimi ndiye msemaji (nani mwingine? Hapa Kalangalala, Geita mjini, wauza nguo wakiniona naja wanaanza kukunja bidhaa). Binti anaitwa Ng'washi, kwao Kishapu. Tulitakiwa kusafiri jana. Mvua ikapiga, daraja likaondoka na maji. Mke wangu, Mama Milembe, alikuwa ameshatangulia huko kusaidia mapishi. Sisi wanaume tukabaki Geita na makoti yetu.

Leo asubuhi nikampigia Mzee Shija, baba wa binti, nimwombe tusogeze siku.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbuzi ameshachinjwa. Halafu kuna watu wa Kagongwa wameomba kuja kesho, kwa shughuli hiyohiyo. Na mimi mgeni simfukuzi."

Masanja akakaa chini. Chini kabisa, sakafuni. Huyu kijana bila Ng'washi hali wala hanywi, na leo ndiyo ilikuwa leo.

"Basi tuongee kwa video, mzee," nikasema. "Uso kwa uso, kama tupo hapo."

Akakubali. Simu nikaiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga, koti nikafunga vifungo vyote, nikaanza. Ng'ombe kumi na wawili.

Sasa mjue, kwenye kupatana bei silaha yangu kuu ni kimya. Unataja, unanyamaza, unamwacha mwenzako ajikune. Nikataja, nikanyamaza. Mzee naye kimya. Ananitazama tu, jicho halipepesi. Nikajisemea, leo nimekutana na mbabe!

"Haya, kumi na watatu," nikasema.

Kimya.

"Kumi na wanne basi, kwa heshima ya mama wa binti!"

Ndipo sauti yake ikawasili, imechoka kama abiria wa mbali: "Kumi na wawili? Hebu ongeza hata mmoja tuanze vizuri."

Jamani. Nilikuwa napatana bei na kale kaduara kanakozunguka kwenye skrini! Kabla sijajitetea, sauti nyingine ikafika: "Kumi na wanne nimesikia. Endelea, unakwenda vizuri."

Nikaomba muda wa kushauriana na wazee (hakuna wazee, nilikuwa mimi na Masanja na kopo). Nikamwita Farida, mpangaji wangu wa chumba cha mwisho. Kazi yake ni kufunga kamera na mitandao madukani, na mdomo anao. Akaishika ruta, kile kisanduku cha intaneti, akaitazama, akanitazama mimi.

"Baba Milembe, intaneti ya mtu mmoja umewauzia wapangaji wote. Huyu anapakua filamu, yule anaangalia mpira. Unategemea nini?"

"Lakini ya kwangu ndiyo ya haraka."

"Ruta inajuaje? Wote imewaweka foleni moja. Filamu ikichelewa inasubiri, haiharibiki. Maongezi yakichelewa yameshaharibika. Wewe ni gari la wagonjwa, na umekwama nyuma ya malori ya mawe."

"Dawa yake?"

"Naipanga ruta upya, gari la wagonjwa lipite kwanza, malori yasubiri. Bei yake ni yule jogoo mwekundu."

"Trei la mayai."

"Jogoo."

"Farida, trei lina majogoo thelathini ndani yake. Ni suala la subira tu."

Akacheka, akashika kiuno. "Sawa. Ila kwa mayai napanga sauti tu. Sauti itatangulia mbele ya kila kitu. Picha itajitafutia njia yenyewe."

"Sauti inatosha! Mahari ni maneno." (Hapo nilijiona mjanja. Hapo ndipo pa kuwekea alama.)

Akabonyeza-bonyeza. Tukapiga tena. Lo! Sauti ya mzee kama yuko kwenye kochi langu. Nikataja, akajibu papo hapo. Akaja na ishirini na watano, nikashtuka mpaka nikashika kifua, akashuka. Nikapanda mmoja kwa kuugulia. Tukabanana vizuri mpaka yeye akasimama ishirini, mimi kumi na sita. Raha tupu!

Ghafla picha ikaganda. Mzee Shija jicho moja limefumba, mdomo umepinda, kidole kiko hewani. Nikangoja. Kaduara kanazunguka. Masanja akaanza kutafuna kucha.

"Imekata," nikasema. Nikafungua vifungo vya koti, nikaegemea kiti.

"Baba mdogo, amekasirika? Tumemkosa?"

"Toa wasiwasi, mwanangu. Mtazame kwanza, kama amemeza ndimu na mbegu zake! Anataka ishirini? Atapata ishirini. Wewe unao kumi na wanane, mimi naongeza ndume wangu wawili wale walionona. Baba yako angekuwepo angefanya hivyohivyo. Na binti kama Ng'washi angekuwa wangu, chini ya thelathini nisingefungua mlango. Ila habari za ndume Mama Milembe asijue. Nitamwambia wameibwa."

Halafu kwenye ule mdomo wa mzee uliopinda, usiotikisika hata kidogo, vikatoka vigelegele. Vigelegele vya wanawake wa ukoo mzima! Na baada ya vigelegele, sauti ninayoijua kuliko ya kwangu:

"Wameibwa na nani, Baba Milembe?"

Masanja akageukia ukuta. Farida yuko mlangoni, trei kifuani: "Si nilikwambia sauti itatangulia?"

Nilitamani lile daraja liondoke tena, safari hii mimi nikiwa juu yake.

Mzee Shija akakohoa. Halafu akanyamaza, na safari hii kilikuwa kimya cha kweli, kile cha silaha.

"Ndimu nimeimeza," akasema mzee. "Na ishirini nimewasikia. Watu wa Kagongwa nitawapigia simu wasihangaike na njia. Mtu anayenibania usoni, halafu kisogoni anatoa ndume wake kwa mtoto wa kaka yake, huyo nakaa naye. Ila ile thelathini uliyoitaja, tunaweza kuijadili?"

"Hapana, mzee!"

"Basi ishirini."

"Kumi na tisa," nikasema (mazoea tu, mdomo ulitangulia).

Akacheka mpaka akapaliwa. "Ishirini."

"Ishirini. Wabeja, asante sana, mzee!"

Masanja akanirukia shingoni na viatu vyake vipya. Tumeshinda! Ng'washi wetu! Halafu kijana akanong'ona: "Baba mdogo, naomba nimwone." Nikatazama skrini. Kidole cha mzee bado kiko hewani. Nikamtazama Farida. Farida akamtazama jogoo.

Nikamkamata mwenyewe, nikamkabidhi. Farida akabonyeza, na picha ikafunguka safi, laini, kama dirisha. Ng'washi anacheka, machozi yanamtoka. Masanja naye hivyohivyo. Pembeni ya binti amesimama Mama Milembe, mikono kifuani, ananitazama bila kupepesa. Nikadhani imeganda tena.

Haikuwa imeganda.

Wanasema kivuko cha muda kitakuwa tayari kesho mchana, na yeye yuko kwenye gari la kwanza. Mwenye ushauri aniandikie kabla hajavuka. Na mwenye jogoo mwekundu wa kuazima, tuongee. Bei nitaitaja, halafu nitanyamaza.