Mlango Wenye Akili wa Divisheni ya Mambo Yajayo

Tunayo heshima kubwa kuwatangazia wakaaji wote wa Lubumbashi, wa katikati ya mji na wa pembeni, wenye umeme na wale wanaoungoja, kwamba mustakabali umefika. Umefika kwa lori kupitia Kasumbalesa, umekaa forodhani kidogo kama kila mtu, na sasa umefungwa kwa skurubu kwenye kizingiti cha ofisi yetu.

Nasema "tunayo" kwa sababu mimi, Chisanga, ni chef de bureau, yaani mkuu wa ofisi, wa Divisheni ya Mambo Yajayo, na hakuna jambo lijalo mjini hapa lisilopitia mezani kwangu. Mengine hupita, mengine hulala. Hilo si kosa. Jambo lijalo ukiliharakisha linakuwa jambo la leo, na mambo ya leo yana divisheni yao, ghorofa ya chini.

Mustakabali wenyewe una sehemu mbili. Ya kwanza ni Mashine ya Viwanja. Kila kiwanja cha mji lazima kiingizwe humo kabla mwaka haujaisha, na ili kiingizwe, karatasi yake lazima iwe na signature yangu. Kiwanja ambacho hakitaingia kitahesabika kuwa hakina mtu, na kisicho na mtu kitagawiwa watumishi waliojitolea kwa taifa. Ya pili ni Mlango Wenye Akili. Huo una jicho, una sauti, na unatambua sura. Umeletwa kukomesha wafanyakazi hewa, wale wanaolipwa bila kuonekana kazini.

Wananchi walikuwa na woga, na sisi tuliuheshimu woga wao kwa kuuundia tume. Wengine walisema Mashine itameza majina yao. Mchungaji mmoja wa mtaa wa Katuba alihubiri kwamba jicho la mlango ni la yule mnyama wa Ufunuo, halafu Jumatatu akaja kuuliza kama kanisa lake linaweza kupata mmoja kwa mkopo.

Hata watumishi waliogopa. Katika mkutano mkuu, mmoja alisimama akauliza, "Chef, hii mashine haitatunyang'anya kazi?"

Mkurugenzi wetu, Monsieur Godefroid, ni mtu wa maono. Alivua miwani, akaifuta polepole.

"Bandugu," akasema, "mashine haiwezi kumunyang'anya muntu kitu hajashika."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Sasa lazima nimtaje Mama Clotilde, ingawa kiutaratibu hastahili kutajwa. Ni mjane wa marehemu Constantin, aliyekuwa fundi wa reli, na nyumba yao iko Katuba. Alihitaji signature. Kila asubuhi alifika kabla jua halijapanda, kitambaa kichwani, karatasi yake ndani ya mfuko wa plastiki, akakaa kwenye ngazi pamoja na wenzake wenye haja kama yake. Siku chache nilizopata nafasi ya kupita ofisini, tulizungumza.

"Yambo, papa chef."

"Yambo, mama. Uko bado unakuya?"

"Niko nakuya kila siku, papa. Signature tu. Kalamu ya bic inagusa karatasi, mimi naenda kwangu."

"Mama, signature si kugusa. Ni mchakato."

"Papa, mwaka iko inaisha. Ile nyumba bwana wangu alijenga tofali kwa tofali. Bajukuu balale wapi?"

Nilimwonea huruma kabisa, mimi si jiwe. Lakini kuna jambo lazima lieleweke. Mimi pia ni mtumishi niliyejitolea kwa taifa, na nilikuwa nimeshaonyeshwa kiwanja kimoja: Katuba, kona nzuri, nyumba ya matofali tayari imesimama, nyuma yake mti wa avokado unaozaa hadi matawi yanainama. Kwamba ndani ya nyumba hiyo alikuwa anakaa Mama Clotilde, hiyo ni habari ya kijamii, si ya kiufundi. Nilimwambia arudi wiki ijayo. Akarudi kesho yake, kama kawaida yake.

Mlango ulipokuja kufungwa, injinia Hénoc, kijana mwenye simu mbili na suruali ya kubana, alitueleza namna unavyofanya kazi.

"Chef, hauionyeshe sura za bantu. Inajifunza yenyewe. Mwezi mzima itafungukia kila muntu, huku inaangalia. Mwenye kuya kila siku, itasema: huyu njo muntu wa kazi. Mwenye kuya mara moja moja: huyu ni mugeni. Mwezi ukiisha, inafunga. Bameitengeneza vile."

"Na ikikosea?" nikauliza, kwa kuwa kuuliza ndiyo kazi yangu.

Monsieur Godefroid akanijibu yeye: "Mashine haikosei, Chisanga. Ndiyo maana ni ya bei kali."

Hapa wasomaji wa nje ya utumishi wanaweza kupotea, basi nieleze utaratibu wa vesti. Katika ofisi yetu, na katika ofisi nyingi zenye heshima, mtumishi anapofika hutundika vesti yake, yaani koti la suti, kwenye kiti, halafu anatoka kidogo. Mtu akimwulizia anajibiwa, "Iko. Vesti yake si ile?" Vesti inatosha. Haichoki, haidai chai, haigombani na wananchi. Vesti ya Monsieur Godefroid imeshika kiti chake kwa uaminifu huku mwenyewe akifanya vikao vya kikazi kule hoteli ya Karavia, karibu na maji, mbele ya samaki wa kuchoma. Naibu wake yuko mpakani Mokambo kwa misheni ya unga wa mahindi tangu mvua za mwaka jana, na vesti yake haijapata lawama hata moja.

Basi katika ule mwezi wa mafunzo, sisi sote tuliupa mlango ushirikiano kamili. Vesti zetu zilikuwepo kila siku. Kosa la mlango ni kwamba uliangalia sura tu.

Siku ya uzinduzi ikafika. Mheshimiwa waziri alitoka Kinshasa kwa ndege, akaja na waandishi wa habari na kamera. Bendi ya fanfare ikapiga. Utepe ukakatwa. Ndani ya ukumbi tulikuwa tumepanga mapema kuku, sambusa na kreti za bia, maana mustakabali haupokelewi kwa tumbo tupu. Mlango wa nyuma tulikuwa tumeshauziba kwa matofali, ili watu wote waupitie ule wenye akili. Monsieur Godefroid akatoa hotuba ndefu sana, Mheshimiwa akanywa maji chupa mbili akisikiliza, halafu Mkurugenzi akasogea mbele ya jicho, akatabasamu.

Mlango ukasema kwa sauti tamu ya mwanamke: "Sura haijulikani. Mgeni, tafadhali ngoja."

Tukacheka. Mheshimiwa naye akacheka kidogo. Monsieur Godefroid akavua miwani, akaivaa, akageuza shavu la kushoto, lile la picha.

"Mgeni, tafadhali ngoja."

Nikasogea mimi. Nilisema jina langu na cheo changu kwa sauti. "Sura haijulikani." Watumishi wote wakajaribu, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa vyeo. Wageni watupu! Divisheni nzima ilisimama juani na suti zake.

Ndipo nikasikia nyuma yangu, "Pardon, papa. Pardon kidogo."

Alikuwa Mama Clotilde na mfuko wake wa plastiki. Uzinduzi haukumhusu, alikuja kungoja tu. Aliinua uso aone kelele ni za nini, na jicho likamwona.

"Karibu kazini," mlango ukasema, ukafunguka wote.

Mama Clotilde akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaingia. Nyuma yake wakaingia wenzake wa kwenye ngazi: karibu kazini, karibu kazini, karibu kazini. Tulipojaribu kupenya katikati yao, mlango ukajifunga puani pa Mkurugenzi.

"Hénoc, fungua!" Monsieur Godefroid akanguruma.

"Chef, kuko bouton ya kufungua, lakini iko ndani."

"Basi vunja kioo."

"Mbele ya kamera, chef? Mustakabali?"

Mheshimiwa hakuwa anacheka tena. Alimwita Mkurugenzi pembeni, akamnong'oneza jambo, na kutokana na alivyokuwa amesimama, miguu imebanana, sote tulilielewa. Choo kilikuwa ndani.

Monsieur Godefroid akainama kwenye uwazi wa chini ya mlango. "Mama! Mama muzuri! Ukutani kuko bouton ya kijani. Gusa tu!"

Karatasi moja ikateleza kutoka chini ya mlango, ikaja kusimama kwenye kiatu changu. Niliijua kabla sijaiokota.

"Papa chef atie signature kwanza," sauti ikatoka ndani, imejaa kitu kama sambusa.

Nilieleza kwamba faili hilo lilikuwa kwenye mchakato. Nilieleza kwamba kiufundi kiwanja chenyewe kilikuwa na mgongano wa maslahi. Sikusema maslahi ya nani.

"Chisanga, tia signature!" Mkurugenzi alinikemea huku amebana meno. "Muheshimiwa anaumia!"

Hakukuwa na meza. Nilipiga magoti kwenye udongo mwekundu na suruali yangu ya sherehe, nikaweka karatasi juu ya paja, nikasaini. Niliumia, nasema wazi. Nilikuwa nimeshajiona chini ya ule mti wa avokado, kwenye kiti cha kuegemea, jioni. Kamera zilikuwa zinanipiga picha. Nikairudisha karatasi kwa chini, nikasikia ndani kigelegele, halafu mwanamke akilia kilio kile cha kuachia mzigo.

Tukangoja mlango ufunguke. Zikaja karatasi nyingine.

"Mama Clotilde!" nikapiga kelele. "Tulielewana!"

"Aksanti mingi, papa, Mungu akuongeze. Lakini kuko bengine."

Ungefanyaje? Tuligawana. Viwanja mimi, vyeti Mkurugenzi, vibali wale wadogo. Monsieur Godefroid, ambaye mara ya mwisho kushika bic ilikuwa siku ya kupokea gari lake, alilala kifudifudi kwenye ngazi akisaini kama mtoto anayeandika imla. Mheshimiwa alivuka barabara mbio, akaenda kujisaidia kwenye choo cha baa moja ya mtaani, akarudi na uso umetulia kabisa. Akatukuta tuko kazini.

Waandishi wakamwekea vinasa sauti mdomoni. Mmoja akauliza, "Mheshimiwa, mashine imekosea ama hawa bantu hawafanyakake kazi?"

Hilo lilikuwa swali la kihuni. Akisema mashine imekosea, ataulizwa ilinunuliwa kwa nini. Akisema hatufanyi kazi, ataulizwa nani alituteua, na aliyemteua Monsieur Godefroid ni yeye, kwa njia ya shangazi.

"Ndugu waandishi," Mheshimiwa akasema, "mnachokiona ni mageuzi. Tumegundua kwamba mtumishi akiwa nje na mwananchi akiwa ndani, kazi ya mwaka inakwisha kwa asubuhi moja. Kuanzia leo, Divisheni hii itahudumu kwa mtindo huu. Mlango usiguswe."

Makofi. Hata sisi tulipiga, mazoea ni mabaya.

Basi tukawa nje. Tulipewa viti vya plastiki na mwavuli mmoja wa kampuni ya simu, ambao Mkurugenzi aliuchukua. Wananchi wanapita ndani kwenye feni, karatasi zinateleza chini, sisi tunasaini. Kutoroka haiwezekani, maana kiti kitupu barabarani kinaonekana mpaka stendi ya teksi, na wauza karanga wanaita kwa jina: "Papa Chisanga, unaenda wapi? Bantu beko banangoya!" Naibu alirudishwa kutoka Mokambo na unga kwenye kola. Mama Clotilde nyumba yake imeingia kwenye Mashine, na bado anakuja kila asubuhi, sasa analeta majirani wa barabara yake, mmoja baada ya mwingine, mwaka usije ukawaishia.

Sisi tulivumilia kwa sababu tulikuwa na siri, na siri hiyo alitupa Hénoc. Jicho la mlango lilikuwa bado linajifunza. Lilikuwa linatuona kila siku, jua na mvua. "Mwezi moja, chef," alisema, "na itabajua."

Kwa hiyo hatukukosa hata siku. Tulifika mapema kuliko wauza mikate. Tuliligeuzia jicho sura zetu kila tulipopumzika. Mkurugenzi alilisalimia asubuhi na jioni.

Na leo asubuhi, kabla wananchi hawajajaa, Monsieur Godefroid alipita mbele yake akiwa na kiti chake cha plastiki mkononi, na ile sauti tamu ikasema: "Karibu kazini."

Mungu wangu! Tulikumbatiana. Naibu alitoa machozi. Tuliacha viti, tukaacha bic, tukausukuma mlango. Ukatikisika, haukufunguka.

"Karibu kazini," ukarudia, kwa upole uleule.

Tukaangalia chini. Kwenye mishikio miwili ya mlango palikuwa pamepitishwa mnyororo wa baiskeli, na kwenye mnyororo kufuli kubwa la chuma, lile wanalouza kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapahapa mjini, kwa wenye maduka ya unga.

Mama Clotilde alikuwa anapanda ngazi na majirani zake. Alifungua fundo la kitenge chake kiunoni, akatoa ufunguo.

"Mama," nikamwambia, na nilijitahidi kusema kwa sauti ya ofisi, "toa hii kitu. Mlango umetutambua. Mashine yenyewe imesema shiye ni bantu ba kazi."

Aliniangalia bila hasira. Akanipangusia vumbi begani kama mtu anayempeleka mtoto shule.

"Mashine ni mugeni hapa, papa. Inabajua ninyi mwezi moja. Shiye tunabajua tangu zamani." Akanisogezea kiti. "Ikala chini, utie signature."

Nikakaa.