Punje ya Tatu Shambani kwa Mama Dorca

Jumatatu, 4 Machi 1974

Nimefika. Mzima, kwa sasa. Shule iko karibu na ufuo wa Dunga, ziwani. Shamba lake linateremka mpaka kwenye mafunjo, na ndani ya mafunjo kuna viboko. Nimeuliza kama huwa wanatoka. Nikaambiwa wanatoka wakitaka. Kwetu Murang'a mnyama wa kutisha ni mbwa wa jirani!

Haya ni mazoezi yangu ya pili ya ualimu wa kilimo. Ya kwanza nilifeli. Mbuzi alinikimbiza mbele ya mkaguzi. Nikifeli tena chuo kinanifukuza, narudi kuchuma kahawa ya baba, na kanisani mama ameshaanza kuitwa Mama Mwalimu. Mkaguzi wa chuo ni yule yule, Bwana Nabututu, anayetembea na rula ndefu. Anakuja Ijumaa, tarehe 22. Anataka mahindi yaliyoota, mistari imenyooka. Hivyo mbegu lazima iwe ardhini wiki nzima kabla.

Tuko wawili kutoka chuoni. Mwenzangu ni Nekoye. Yeye amepewa kuku. Kuku hawapandwi! Kuna watu wamezaliwa na bahati.

Nimepewa chumba kwa Mama Seline, mjane, mke mdogo wa marehemu mwenye boma. Shamba la shule liko kwenye ardhi ya boma hilo hilo. Mama anapika vizuri, lakini omena, dagaa wa huku, bado wananitazama kutoka kwenye sahani.

Jumatano, 6 Machi

Maafa! Kidato cha pili wamekataa kupanda.

Wamelima vizuri, wamevuta kamba, halafu wakaegemea majembe. Kiranja wao, Dishon, akasema kwa heshima zote, pole Mwalimu, hatuwezi kutia mbegu. Boma halijatoa mbegu. Nikamwonyesha gunia, nikasema mbegu ni hizi hapa, tele. Akasema siyo habari ya gunia.

Kumbe kuna utaratibu. Wanauita golo kodhi, yaani kutoa mbegu. Mke mkubwa wa boma ndiye anayetangulia kupanda, kisha mke anayemfuata, kisha wengine kwa zamu. Mke mkubwa hapa ni Mama Dorca. Mama Dorca yuko Bondo, binti yake amejifungua mapacha. Nikauliza atarudi lini. Wakasema akitosheka na wajukuu.

Nikauliza, na mtu akimtangulia?  Dishon akasema ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Mtu anakonda, anakonda, mpaka anaisha, na hospitali hawaoni kitu. Nikacheka kwa sauti kubwa. Nilicheka peke yangu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimewafundisha saa nzima kwamba mbegu inahitaji maji, hewa na joto, basi. Wameandika kila neno. Nimeuliza maswali, wamejibu yote sawasawa. Nikasema haya, twendeni tukapande. Wakasema Mama Dorca hajarudi.

Jioni nikamuuliza Mama Seline, kwa mzaha tu, kama chira inaweza kumpata mtu wa Murang'a. Akafikiri. Sikupenda vile alivyofikiri kwa muda mrefu. Akasema kama mtu huyo anakula chungu kimoja na watu wa boma, basi yumo. Nikarudisha tonge kwenye sahani. Akaongeza kwamba ghala lake mwenyewe limebaki na mahindi kidogo, mvua inakuja, na bado anamngoja mwenzake. Akaniuliza haraka yangu mimi ni ya nini.

 Ningemwambiaje habari ya rula?

Jumamosi, 9 Machi

Leo watu wote wamekwenda sokoni. Nikasema ni sasa. Nimeficha mbegu ndani ya soksi, nikashuka shambani kama mtu anayepunga hewa.

Shimo la kwanza. Punje tatu. Nikafukia. Papo hapo tumbo likanguruma! Na kule kwenye mafunjo kiboko akaguna, kana kwamba wamekubaliana. Jasho jembamba. Nikapiga magoti nikafukua kwa kucha. Punje ya kwanza, hii hapa. Ya pili, hii hapa. Ya tatu hakuna! Nimefukua mpaka kwenye kiwiko. Nimechekecha udongo kwa kofia. Hakuna! Kisha mvua ikaanza kunyesha, mvua nzuri kabisa ya kuotesha.

Nimeoga mara mbili. Mungu wangu.

Jumatatu, 11 Machi

Mkanda umelegea! Nimekaza mpaka tundu la mwisho. Nekoye anasema mtu asiyekula tangu Alhamisi lazima mkanda umlegee. Pia anasema alipofika tu alimwuliza Mama Seline mahali pa kuweka banda la kuku, akaonyeshwa, ndiyo maana kila mtu anamsaidia. Nikamwambia sihitaji mawaidha ya mtu wa mayai.

Kwa sababu nina mpango. Safi kabisa! Kama Mama Dorca hatosheki na wajukuu, aitwe. Nimekwenda stendi nikamtafuta Oketch, kondakta wa basi la Bondo, anayejua kila mlango kule. Nimemwomba amwambie Mama Dorca anatakiwa nyumbani mara moja. Akauliza kuna nini. Nikamwambia asiseme sababu. Nikitaja mahindi, atasema mahindi yatangoja.

Oketch alinitazama vibaya. Akavua kofia, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema pole sana, Mwalimu. Watu wa huku wana adabu.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika nimejifungia chumbani.

Mama Dorca amerudi. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuja na basi zima la akina mama kutoka Bondo, wanalia, wameshika vichwa! Kumbe mtu akiitwa nyumbani haraka bila kuambiwa sababu, sababu ni moja tu. Nilijua! Hata kwetu ni hivyo hivyo! Mbona sikukumbuka?

Nikakimbia. Nimejificha kwenye banda la Nekoye, nyuma ya viota. Mama Dorca akaingia bomani akiuliza kwa kilio ni nani aliyetutoka. Hakuna anayejua. Wakaanza kuangaliana. Mama Seline yupo. Watoto wapo. Ng'ombe wapo. Ni nani haonekani? Mwalimu.

Jamani, nimeliliwa! Mama Seline alisema nilikuwa mpangaji mpole, nakula kidogo kama ndege, na kumbe nilikuwa naumwa. Dishon alisema nilifundisha kwa moyo wote ingawa niliogopa hata ndama. Nekoye alisema, kwa sauti iliyokatika, kwamba sikuweza kutofautisha kunde na magugu, lakini nilikuwa mtoto wa watu. Nikatokwa na machozi. Nikawaza nikae humo mpaka mwisho.

Lakini Nekoye akaja kuchukua mayai ya kuwapikia waombolezaji pamoja na chai. Akaniona. Alipiga yowe ambalo sijawahi kusikia, kikapu kikaruka, akina mama wa Bondo wakatawanyika kama kuku wenyewe. Nikatoka nimejaa manyoya, mikono juu. Nikasema mimi ni mzima.

Mama Dorca ni mfupi. Sikutegemea awe mfupi. Alinizunguka mara moja, akanibonyeza shavu kwa kidole, akauliza ni nani aliyemwita. Nikasema sijui. Oketch, aliyekuja kunizika, akasema ni mimi.

Mama hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema amewaacha mapacha wakiwa wachanga, amelia njia nzima kutoka Bondo, na moyo wake ulisimama mara mbili. Kisha akasema machozi ya msiba yameshamwagika kwenye boma. Hakuna jembe wala mbegu kwa siku nne.

Siku nne! Nimekwisha!

Jumatatu, 18 Machi

Imeota.

Punje ya tatu. Kijani, imesimama wima katikati ya shamba tupu, inaonekana hata kutoka barabarani. Kesho asubuhi Mama Dorca anashuka kutoa mbegu. Akiiona atajua nimemtangulia. Nilitaka kuing'oa. Mkono ukagoma! Nikiing'oa, nani anajua chira itanifanya nini?

Nimeifunika kwa karai.

Jumanne, 19 Machi

Mama Dorca amepanda. Mama Seline amefuata, akiimba. Vijana nao wamepanda shamba la shule haraka haraka, mistari imenyooka mno. Dishon aliuliza kuhusu karai. Nikasema ni jaribio la sayansi, asiliguse mtu. Akaliandika kwenye daftari.

Mbegu ziko ardhini. Ila Ijumaa hazitakuwa zimeota. Nimejaribu kula. Omena wamenitazama, nikawatazama.

Ijumaa, 22 Machi

Bwana Nabututu alifika na rula yake. Kuku wa Nekoye walipata sifa mpaka nikaona aibu kusimama karibu. Kisha tukashuka shambani. Mama Dorca naye alishuka, kuangalia.

Udongo mtupu. Bwana Nabututu akauliza mahindi yako wapi.  Dishon akaeleza golo kodhi vizuri sana, pamoja na maji, hewa na joto. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikaanza kupumua. Ndipo akauliza, na karai je?

Akaliinua kwa ncha ya rula. Mche mmoja, wa manjano kwa kukosa jua, umejipinda. Mama Dorca alihesabu siku kwa vidole, akanitazama. Nikakaa chini, juu ya mstari.

Nikasema yote. Soksi, punje, kiboko. Nikamwuliza kama nitakufa. Mama Dorca akasema mimi si mwanawe wala mume wake, chira haina kazi na mimi, ninachoumwa ni njaa na uongo. Akaniambia nikale. Kisha nitalima palizi yake yote, na siku nyingine nikitaka kitu nifungue mdomo niseme. Nikaahidi mbele ya watu wote.

Bwana Nabututu amenipa nafasi ya mwisho. Ijumaa, tarehe 5 Aprili. Mimi ni mtu mpya!

Jumatano, 3 Aprili

Keshokutwa! Mahindi yameota kila mahali. Ya Mama Dorca, ya Mama Seline, ya shule. Ila mistari sita niliyoitia mbolea mwenyewe imeungua. Kitabu kilisema kijiko kidogo cha mbolea kila shimo. Mimi nilitaka kimo cha kumfurahisha mkaguzi, nikatia viganja.

Nimemwambia Mama Dorca. Akanipa mbegu zake mwenyewe nipande upya, akasema nimweleze Bwana Nabututu ukweli wote, anaonekana mtu mwema. Nekoye amesema hivyo hivyo. Nimewashukuru sana. Nimekula sahani mbili.

Kisha nikapita stendi. Oketch siku hizi yuko kwenye basi linalopita mbele ya chuo. Nahitaji nini zaidi? Wiki moja tu, mbegu mpya iote. Nimemwomba amwambie Bwana Nabututu anatakiwa kwao mara moja.

Na asiseme sababu.