Kivuli Kwenye Ukuta wa Zahanati

Jumatatu, tarehe 3
Bwana Studio, mpiga picha wetu wa mtaani, atachukua msichana mmoja tu wa kumfundisha kazi. Wanaomtaka ni wawili: kitinda mimba wangu na binti wa Mama Cherehani. Kila mmoja apeleke picha moja ya mti, mwisho Jumamosi. Wangu kachagua mti wa zahanati, pale ninapopiga deki. Nikamwambia aende saa sita, mwanga uko tele na ni wa bure. Akacheka. Eti saa sita jua linapiga utosini, majani yanakuwa bapa, chini panakuwa peusi kama masizi. Eti atasubiri saa kumi na moja jioni. Nimeishia darasa la nne, lakini jua nimeanza kuliona kabla yake.

Jumanne, tarehe 4
Nimeosha mti. Majani yamejaa vumbi la barabarani, nani atayapenda? Maji ya mpira yamefika matawi ya kati. Yamefika na kwa wagonjwa waliokaa kwenye benchi. Muuguzi kanisema mbele za watu. Jioni mwanangu akaja, akapiga picha moja, akanionyesha kwenye kioo cha kamera. Jua limeingia ubavuni, gome lote linahesabika mikunjo. Lakini ukutani! Kivuli cha tawi kimelala pale kama alama za mikono michafu. Na ukuta ule naufuta mimi! Yeye anasema bado, atarudi, kivuli kikifika dirishani ndipo itakuwa picha. Nikajua mtoto kachoka.

Jumatano, tarehe 5
Mama Cherehani kanisimamisha dukani. Kwa sauti laini kabisa akauliza kama binti yangu bado anahangaika na kale kamti kake. Wake kashamaliza, saa sita kamili, picha nyeupe pee. Jioni mawingu. Mwanangu hakupiga kitu.

Alhamisi, tarehe 6
Nimeita mkata miti. Nikamwambia daktari mkuu kaagiza tawi lile litolewe. Likatolewa. Ukuta safi, unang'aa! Daktari mkuu akatoka kuuliza nani kaagiza. Nikasema nitafuatilia. Saa kumi na moja mwanangu kafika na kamera. Akautazama ukuta, akafunika kamera. Kisha akasema taratibu, "Mama, kivuli hicho ndicho nilichokuwa nakisubiri."
Nilitamani ardhi inimeze na ndoo yangu.

Ijumaa, tarehe 7
Leo nimetengeneza nilichoharibu. Nimemwamsha mapema, tukaenda, nikapanda ngazi na tawi lenyewe, nikalinyanyua kwa mikono miwili pale pale lilipokuwa. Jua likachomoza. Kivuli kikaangukia getini! Nikamwambia avumilie, labda kitageuka. Akasema kitageuka, mama, lakini jioni. Nikauliza basi nishike mpaka jioni? Akanishusha. Sijui alikuwa analia au anacheka, mabega tu yalikuwa yanatikisika. Mikono yangu sasa haiwezi hata kufunga kifungo. Jioni mawingu tena.

Jumamosi, tarehe 8
Kapeleka ile ya Jumanne, hakuwa na nyingine. Bwana Studio akaishika. Akaishika na ile ya saa sita. Akarudi kwenye ya kwanza. Kamchukua mwanangu! Nimelia pale pale, mbele ya wateja. Mama Cherehani kanipa mkono kama anayenipa mfuko wa takataka.
Na yule Bwana Studio ni muungwana. Ule uchafu wa ukutani hakuutaja kabisa. Kamstahi mtoto, akajifanya eti kivuli ndicho kilichomvutia. Watu wa adabu hiyo wamebaki wachache.
Kazi ya kwanza ya mwanangu ni Jumatatu: mti mkubwa wa shuleni, alfajiri, ukungu ukiwa bado umetanda. Nimekwenda kuuangalia. Mlinzi wa shule anasema alfajiri ukungu huuficha nusu nzima! Nimeshaelewana naye. Atawasha moto chini yake mapema, ukungu uondoke, mti uonekane wote. Mwanangu sijamwambia. Nataka afike akute pako tayari.