Kadi Mama ya Dhahabu

Ukiwahi kununua kitu Lubumbashi, ukafika nyumbani ukakuta ndani ya boksi mna kitu kingine, huenda ulipita kwa Clovis. Usione haya. Tuko wengi.

Clovis alikuwa na nusu ya kibanda huko Katuba. Nusu nyingine ilikuwa ya André kinyozi, na katikati palining'inia pazia ambalo halikuzuia nywele wala maneno. Upande wake Clovis alitengeneza kompyuta, yaani alizifungua, akatikisa kichwa kwa huzuni, kisha akataja bei.

Alhamisi moja asubuhi mzee mwenye tumbo la heshima alishuka kutoka kwenye Land Cruiser, viatu vimejaa vumbi jekundu, saa ya mkononi ikimeta hata kivulini.

"Ni hapa banauzishaka carte mère?"

Clovis alitazama viatu, saa na tumbo, kwa mpangilio huo, na moyo wake ukaanza kuimba.

"Ni hapa, Patron! Karibu, ikala. Uko na shida gani?"

"Machine yangu ya nyumba kule Golf iko polepole sana. Banasema nibadirishe carte mère. Banasema iko ya bei kiloko, na iko ya nguvu. Miye minataka ile ya nguvu." Mzee akasogeza kiti. "Lakini ku bei ya ile ingine."

Maneno hayo ya mwisho yalimfurahisha Clovis kuliko yote. Mteja anayetaka cha juu kwa bei ya chini amekwisha kujitapeli nusu mwenyewe, na fundi mwema hamwachi mtu njiani.

Sasa nikueleze, kama wewe ni wa kalamu na karatasi. Kadi mama, hiyo carte mère ya mzee, ni ule ubao ulio ndani ya kompyuta, ambao kila kitu kinachomekwa juu yake. Clovis alikuwa nazo mbili. Moja ilikuwa ya nguvu kwelikweli, imetoka Dubai kwa kupitia mikono ya watu wa mpakani Kasumbalesa, lakini haikuwa yake. Ilikuwa ya mchumba wake Benita, mwenye studio ya filamu za harusi huko Bel-Air. Benita alijinyima miezi mingi akainunua, akampa Clovis amfungie, na Clovis akamwambia kwamba kadi iliyosafiri mbali lazima kwanza izoee hewa ya Lubumbashi. Ilikuwa ikizoea hewa hiyo ndani ya kompyuta yake mwenyewe, ikimtafutia wateja. Benita alikuwa amemwambia wazi: Jumamosi kadi isipofika studio, asihangaike kuleta wazazi wake kuposa.

Kadi ya pili ilikuwa ya bei ya chini kabisa, na tena ilikuwa imekufa. Clovis aliipaka rangi ya dhahabu, akaigandishia kipande cha kifuniko cha sufuria ya mama yake, akaizungushia vitaa vya Noeli.

"Patron, angalia hii machine yangu kwanza." Akawasha kompyuta yenye kadi ya Benita. Akafungua filamu ya harusi, akaikata, akaibandikia muziki, akageuza gauni la bibi harusi kuwa la bluu, yote kabla mzee hajamaliza kupiga chafya.

"Mama! Hii inakimbia!" mzee akasema.

"Hii?" Clovis akacheka kwa huruma. "Patron, hii njo ya bamaskini. Niliokota fasi fulani. Sasa kama ya bamaskini inakimbia vile, ile ya batajiri itafanya nini?"

Akafunua kitambaa. Kadi ya dhahabu ikawaka nyekundu na kijani.

Mzee aliichukua akaipima uzito mkononi. Akainusa. Halafu, mbele ya macho ya Clovis, akailamba pembeni na kuigeuzia mwanga, jinsi wanunuzi wa madini wanavyolowesha jiwe waone rangi yake.

"Iko na uzito," akasema. "Lakini hii iko na fasi mbili tu za mémoire. Ile ya bamaskini iko nazo ine."

Hesabu hiyo ya nafasi za kumbukumbu, mbili kwa nne, ingemtoa jasho fundi wa kawaida.

"Patron, wewe muntu mukubwa, unaandikaka bintu ku karatasi?"

"Hapana. Minakumbuka."

"Umeona! Mwenye akili hahitaji mémoire mingi. Ile iko nazo ine juu inasahau!"

"Na bile bivuma-upepo byote bya ile ya bamaskini?"

"Homa, Patron. Iko na homa, kila siku tunaipepea. Hii ya dhahabu haina moto hata kidogo, gusa."

Mzee akagusa. Kweli ilikuwa baridi. Kadi iliyokufa haipati joto. Akatikisa kichwa kwa heshima kubwa, kisha wakaanza kujadili bei, na hapo Clovis akajua kwamba vumbi la viatu vile halikuwa la bure. Mzee alishusha, akashusha tena, akasimama kuondoka mara kadhaa, akasimulia habari za goti lake. Walipokubaliana, bei iliyobaki isingenunua hata robo ya kadi ya kweli. Clovis hakujali. Mtaji wake ulikuwa kifuniko cha sufuria.

Mzee akalipa. Akaweka kadi ya dhahabu kwapani. Hakuondoka.

"Na matabishi?"

Huku kwetu hata ukinunua nyanya, muuzaji hukuongezea nyanya moja juu. Asiyetoa matabishi hajauza, amenyang'anya. Clovis akanyoosha mkono achukue waya fulani wa zamani.

"Hapana waya," mzee akasema kwa upole. "Nipe ile ya bamaskini. Batoto banichezee nayo."

Clovis akacheka. Mzee hakucheka.

"Patron, ile... ile ni takataka."

"Njo maana minaiomba ku matabishi."

"Inasahau!"

"Batoto bangu pia banasahau."

"Iko na homa, itabaambukiza!"

Pazia likafunguka. Mteja wa André akachungulia, nusu ya kichwa imenyolewa na povu shingoni. "Eh, Clovis! Papa amelipa vizuri, unamukatalia takataka? Haya!"

"Mupe muzee matabishi," André akaunga mkono, mkasi juu. "Utatuletea mukosi mu kibanda."

Wapita njia wakasimama. Mama mwenye beseni la mikate akauliza kuna nini, akaambiwa, akaguna kwa uchungu. Maneno mawili tu yangemwokoa Clovis: kwamba takataka ile ndiyo mali, na mali ile ndiyo takataka. Lakini angeyasemaje, na pesa ya mzee iko mfukoni mwake?

Akachukua bisibisi. Alifungua kila parafujo kama anayezika ndugu yake, akampa mzee kadi ya Benita. Land Cruiser ikaenda zake.

Jumamosi Clovis alifika Bel-Air na hadithi mpya.

"Bandits, Benita! Banaume batatu bakubwa. Telefoni bameacha, saa bameacha, bamechukua carte mère tu."

"Bandits banajua carte mère?"

"Banasoma siku hizi! Inchi imebadilika." Akaweka mezani pesa yote ya mzee, na machozi yakamlengalenga, maana kwa mara ya kwanza alikuwa anaogopa kweli. Alimpenda. "Hii njo épargne, akiba yangu yote. Kamata. Usiniache."

Benita akaikamata. Akageuka kuelekea chumba cha ndani.

"Oncle Donat! Pesa yako imerudi."

Akatokea mzee mwenye tumbo la heshima, kaka wa mama yake Benita, mnunuzi wa madini wa Kipushi, ambaye kwa desturi Clovis asingemwona hadi siku ya kuposa. Alikuwa amebeba bia yake juu ya kadi ya dhahabu, akiitumia kama sinia. Nyuma yake kompyuta ya studio ilikuwa inanguruma.

"Nilipita Jumatano ku kibanda yako," Benita akasema. "Nikaona machine yako inapiga film ya harusi ya Chileshe. Ile film nilikupa miye, ya kujaribisha carte mère yangu tu, njo nikamutuma Oncle aende kuikamata. Nilitaka nikufukuze. Oncle njo alikatala."

"Nilikatala," Donat akasema, akikaa. "Nilijua ni kifuniko cha sufuria. Nilikilamba, nikasikia hata chumvi. Na bado nikataka kununua! Muntu vile tumuache aende ku famille ingine? Kule depot niko na mawe mingi hayana kitu ndani, yeye njo atayauzisha." Akanywa. "Lakini dot itapanda kidogo."

Mashangazi wawili wa Benita wakatokea jikoni wakijifuta mikono, wakaanza kuhesabu mahari. Mbuzi wawili, akasema wa kwanza. Wawe watatu, akasema wa pili, na suti ya mjomba, na viatu, maana vile vina vumbi. Kila mmoja akageuka kumsikia Clovis, bingwa wa bei wa Katuba nzima, akijadili.

"Ndiyo," akasema Clovis.

"Na groupe électrogène," akasema Benita. "Courant inakatikaka."

Akasema ndiyo pia kwa jenereta.