Jenereta Nyuma ya Banda la Kuku

Laiti nisingejitolea tovuti ya kikundi chetu ikae nyumbani kwangu! Leo nimeaibika mpaka masikio yamepata moto.

Sisi ni wapanda miti hapa Kitale. Tovuti ndiyo inayotuuzia miche. Kampuni iliyokuwa ikiihifadhi iliendesha mitambo kwa dizeli, na kompyuta zilizokufa ilizitupa ovyo. Tukaona haya: tunapanda miti huku tovuti yetu inavuta sigara. Nikajipiga kifua. "Ileteni kwangu. Kompyuta ya kuihifadhi itakaa stoo, jua litaiendesha kwa paneli." (Si mimi ndiye mwenyekiti?)

Lakini jua la Kitale! Wiki hii ni mawingu tu. Betri zikaisha chaji. Na leo wageni walikuja kutoka Bungoma kuamua kama wajiunge nasi, miche yao iuzwe kwenye tovuti yetu. Nikaazima jenereta kwa jirani, nikaificha nyuma ya banda la kuku. Aliyejua ni mke wangu peke yake, Mama Nekesa. (Nilimwapisha.)

Na kelele? Nikaita kwaya ya akina mama. Kila wimbo ukiisha, naomba mwingine.

"Mzee, koo zimekauka, bana!"

"Wageni wametoka mbali. Ongezeni!"

Nikahutubia juu ya nyimbo kama mbunge. "Hapa hakuna tone la mafuta! Ni jua tupu!" Vigelegele! Mama Nafula, kiongozi wa wageni, akafungua tovuti kwa simu yake, miche ikatokea. "Tumekubali," akasema. Ushindi!

Kisha akaongeza, "Basi tufunge kwa maombi."

(Maombi! Mimi, mzee wa kanisa, nilisahau maombi!)

Kwaya ikanyamaza. Macho yakafungwa.

"Baba, tunakushukuru kwa jua hili safi..."

Drrrrrrr.

"...lisilo na moshi..."

Drrr. Drr. Puh. Kimya kabisa.

Mama Nekesa, huko jikoni, aliposikia kimya alidhani wageni wameondoka. Akapaza sauti: "Baba Nekesa! Jenereta imemaliza mafuta! Ninunue mengine ama watu wako wameshaenda?"

Hakuna aliyesema amina.

Mama Nafula alifungua jicho moja, akaangalia simu. Tovuti haipo. "Mzee, kumbe jua lako linakunywa petroli?"

Kwaya iliyokaukwa na koo ikapata sauti ya kucheka!

Nikakiri yote. Nikakiri pia kwamba kulikuwa na kampuni inayotumia umeme wa mvuke wa ardhini, na mashine zake kuukuu inazitengeneza tena. Niliificha kwa sababu nilitaka sifa. Tukapiga kura tovuti ihamie huko. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza juu.

Bungoma wamejiunga! Katibu wetu ameihamisha tovuti jioni hii, na mteja kutoka Lwakhakha, kule mpakani, tayari ameagiza miche. Tumeshinda, jamani!

Mkitaka kucheka, chekeni polepole, kicheko cha Mama Nekesa kinanitosha. Vikundi viwili sasa ni kimoja, na kiti cha uenyekiti nilichokalia tangu tuanze amepewa Mama Nafula.