Meno ya Kupigia Vigelegele

Jumatatu, 6 Oktoba
Meno yangu ya bandia yamepotea! Ya juu na ya chini. Niliyafunga kwenye pindo la leso, ninakoweka kila chenye thamani, leso ikaenda kufuliwa. Imerudi inanukia sabuni, pindo tupu. Msiba! Jumamosi ya wiki ijayo mjukuu wangu Warda anaolewa Diani, na mimi ndiye wa kuanzisha vigelegele. Nimejaribu bafuni. Imetoka hewa tu. Kache wa kitanda cha pili, mwenye meno yake mwenyewe na majivuno yake, amesikia. Akasema yuko tayari kunishikia zamu. Ashindwe! Nimwambie Rispah, mlezi wetu hapa nyumba ya wazee? Hapana. Alishanionya kuhusu hilo pindo.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimeazima meno ya Mzee Salimu. Nimempa samaki wangu wa mchana, naye hakufikiria atamtafuna kwa meno gani. Nimeyasuuza sana, nimeyavaa, nimepiga kigelegele kimoja. Meno yakaruka mpaka kwenye bakuli la uji la Kache! Amecheka hadi akaishiwa pumzi. Mzee Salimu amedai meno yake. Samaki hakumrudisha.

Alhamisi, 9 Oktoba
Hila mpya. Nimeshika shavu, nimelia kwamba jino linaniuma. Rispah akauliza lipi. Nikafungua kinywa, nikaonyesha kwa kidole. Ufizi mtupu. Nikasema ni lile lililopotea, linauma hukohuko liliko. Akatoka, akampigia simu daktari wa meno. Nimefaulu!

Ijumaa, 10 Oktoba
Daktari Alamin amekuja na sanduku lake. Kijana wa adabu, shikamoo kabla ya yote. Amechukua kipimo cha fizi zangu kwa kitu laini kama unga wa maandazi. Akasema ningalisema siku ileile, angalikuja siku ileile. Fizi zikikaa bila meno hunywea, na mzee huacha kula akakonda. Meno yatakuwa tayari Ijumaa ijayo. Nikaitikia kwa unyenyekevu. Moyoni nilikuwa najipongeza.

Jumatano, 15 Oktoba
Kache anafanya mazoezi uani. Anapiga vizuri, mwovu yule. Nimelia kidogo. Warda nimemlea mimi tangu mama yake alipofariki. Sitaki sauti ya mtu mwingine ndiyo imtoe ndani.

Jumamosi, 18 Oktoba
Meno yalifika jana, jina langu limechorwa ndani. Harusini tulialikwa nyumba nzima. Warda alipotokeza, nilikipandisha kigelegele mpaka wapishi wa pilau wakaacha miko. Hakuna kilichoruka! Warda akanitafuta kwa macho, akaniona, akalia na wanja wake wote. Kache akaitikia nyuma yangu. Nyuma! Kisha nikatafuna nyama ya mbuzi mbele yake, polepole.

Jumapili, 19 Oktoba
Rispah ameuliza kama nimepata funzo. Nimesema nimepata: kitu kikipotea, nimwambie mara moja. Amefurahi, maskini. Miwani yangu siioni tangu harusini. Haya nayaandika kwa kukisia. Simwambii ng'o, nina hila nyingine. Kesho asubuhi, akiwa amesimama pale na birika la chai, nitausalimu mlango na kuuuliza hali ya watoto wake.