Sumaku Haina Adabu

Breki ndiye aliyelianzisha. Alikuwa amejiegemeza kwenye benchi la kahawa, macho kwenye simu, anaguna, anacheka, anaguna tena, mpaka wenzake wakakosa raha.

"Soma kwa sauti au toka hapa," alisema Wakili. Huyu kazi yake ni kushona sare za shule. Uwakili alipewa na kijiwe, kwa sababu hata ukimwambia jua limechomoza atakudai ushahidi.

"Haya, tegeni masikio. 'Msafiri wa pikipiki apoteza begi kwenye kona. Nguo zake za ndani zasambaa barabarani, magari yasimama.'"

"Yasimama kwa heshima?" Wakili aliuliza.

"Moja ilitua kwenye kioo cha basi, dereva akawa haoni mbele."

Shangazi Birika, mwenye benchi, mwenye kahawa na mwenye neno la mwisho, alicheka hadi ikabidi aweke birika chini. "Na mwenye nguo je?"

"Amemaliza safari na suruali moja. Wameandika 'kwa ujasiri mkubwa'."

Wote walicheka isipokuwa Kilomita. Kilomita ni kinyozi, kibanda chake kinatazamana na benchi, na habari hiyo ilimgusa pabaya. Kesho alfajiri kijiwe kilikuwa kinaondoka kwa pikipiki kwenda ziwani, safari ya siku mbili, na kiongozi wa msafara ni yeye. Kiongozi hukaa mbele, na juu ya tangi lake hufungwa begi lenye vyeti vya wote, dawa, ramani na biskuti. Na begi lenyewe lilikuwa bado halijachaguliwa.

Kijiwe kina sheria moja tu ya barabarani: aliyewahi kuilaza pikipiki chini hakai mbele. Anakaa mkiani, anakula vumbi la wenzake mpaka wafike. Safari zote mkiani alikuwa Shangazi Birika, maana alianguka mchana kweupe kwenye mzunguko wa sokoni, birika likabingirika mbali kuliko yeye mwenyewe, na mtaa mzima ukaona. Wengine, kwa maneno yao wenyewe, walikuwa wasafi kama vichanga. Na msafi kuliko wote alikuwa Kilomita.

Sasa hapo ndipo penye kasheshe. Tangi la Kilomita lilikuwa jekundu, linang'aa mpaka ungeweza kulitumia kunyolea ndevu. Lakini ubavu wa kushoto, chini ya wekundu ule, kulikuwa na bonde lililozibwa kwa puti, lile dongo la mafundi rangi, nene kama godoro la mtoto. Siku bonde lilipoingia alikuwa amezima pikipiki uani kwake, akaona mama mkwe anaingia getini. Akaachia usukani amsalimie kwa mikono yote miwili, kama inavyompasa mkwe mwenye adabu. Stendi alikuwa hajaiteremsha. Aliyemsaidia kuinyanyua ni huyo huyo mama mkwe.

Nje ya familia, siri hiyo aliijua mtu mmoja tu: Msasa, fundi rangi, ambaye muda wote huu alikuwa kwenye ncha ya benchi anakunywa kahawa yake taratibu, hamtazami mtu.

"Bahati yenu mna mimi," alisema Breki, muuza vipuri. Akainama chini ya benchi, akatoa mabegi mawili. "Hili la mikanda. Unafunga mbele kwenye shingo ya pikipiki, unafunga nyuma chini ya siti. Na hili la sumaku, lina masikio mawili, kulia na kushoto. Unaliweka tu, kop! Limeshika. Ukifika kituo cha mafuta unalinyanyua, unajaza, kop! Unaondoka."

"La mikanda," Kilomita alisema, kabla Breki hajafunga mdomo.

"Hata hujaligusa!"

"Moyo umelipenda."

Wakili alilichukua la mikanda, akalipima kwa mikono yake ya kifundi. "Napinga. Hili refu mno. Kwanza litaziba kipima mwendo."

"Mwendo nausikia kwa masikio."

"Pili, ukikata kona linabonyeza honi. Tutaingia kila kijiji kama tumebeba bibi harusi."

"Si vizuri? Mbuzi watatupisha."

"Tatu, ukitaka kujaza mafuta unafungua mikanda minne. Ukimaliza kufungua, kituo kimefungwa."

"Haraka ya nini? Ziwa linahama?"

Breki alikunja uso. "Kilomita, la sumaku lina tatizo gani?"

Kilomita alikohoa. Kichwani mwake hoja zilikuwa zinagombania mlango. "Sumaku inafuta simu."

"Simu yako imejaa picha za visogo vya watu. Acha ifute."

"Inavuta radi."

"Wakati huu wa kiangazi?"

"Inachanganya dira. Tutadhani tunakwenda ziwani, tutashtukia tumerudi hapa hapa kwa shangazi."

"Barabara ni moja, ya lami!" Wakili aliruka. "Dira ya nini? Unavuka bahari?"

"Basi inachubua rangi."

Msasa alishusha kikombe. "Rangi hiyo haichubuki. Nimeipiga mikono mi... yaani, naiona kwa macho. Inaonekana ni rangi ngumu."

Kilomita alimtupia jicho ambalo huwa anamtupia mteja anayetikisa kichwa wembe ukiwa shingoni. Msasa akarudi kwenye kikombe chake, mabega yakimtetemeka.

"Mnapoteza kahawa yangu," alisema Shangazi Birika. "Pikipiki si ile pale? Jaribuni."

Kilomita alikuwa ameshafika, amesimama mbele ya pikipiki, mikono ameitanua. "Isisumbuliwe. Inapumzika kwa ajili ya kesho."

"Ni pikipiki, si mzazi," Breki alisema, akampita ubavuni, akalitua begi la sumaku juu ya tangi. Sikio la kulia: kop! Sikio la kushoto: kimya. Breki akalibonyeza. Kimya. Akaachia. Begi likaanza kuinama, taratibu, likateleza kama mlevi anayeteremka na ukuta, sikio la kulia nalo likakata tamaa, likaangukia vumbini. Pup.

"Ni baridi," Kilomita alieleza. "Chuma kikipigwa na baridi..."

Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye nyusi.

Wakili aligonga tangi kwa kifundo cha kidole. Kulia: ngee! Kushoto: dup. Akagonga tena, akasogeza sikio. "Jamani, huku kuna mtu ndani."

"Kilomita mwanangu," Shangazi Birika aliuliza kwa upole wa kutisha, "ulianguka?"

"Sikuanguka, shangazi. Iliyoanguka ni pikipiki. Mimi nilibaki nimesimama, namsalimia mama mkwe."

Hapo benchi likasambaratika. Wakili alicheka huku ameshika mti wa mwavuli wa shangazi asianguke. Breki alipiga magoti chini, akafuta machozi, kisha akasimama ghafla kama mtu aliyekumbuka chungu motoni.

"Mkiani! Sheria ni sheria. Kesho mbele nakaa mimi."

Kilomita alihisi uso unamwaka. Tangu mwezi uliopita alikuwa ameshawatangazia wateja wote, kila aliyenyolewa aliondoka akijua nani kiongozi. Na kesho hao hao wangesimama kando ya barabara wamwone anapita wa mwisho, kinywa kimejaa mchanga. Lakini kinyozi huishi kwa kusoma nyuso kwenye kioo, na jicho lake lilikuwa limenasa kitu: Breki alipotamka neno "mimi", kikombe cha Msasa kilisimama katikati ya safari ya kwenda mdomoni.

"Sawa, kiongozi," Kilomita alisema. "Kiongozi hubeba begi. Liweke kwako."

"Kwangu? Aa, hili si saizi yangu."

"Liweke."

"Wewe mwenyewe umesema linafuta simu!"

Kilomita aliliokota, akavuka hadi kwenye pikipiki ya Breki, akalitua. Kushoto: kop! Kulia: kimya. Likateleza upande wa pili, kwa mwendo ule ule wa kilevi. Pup.

"Napinga!" Wakili alipaza sauti, na hakuna aliyekuwa amemtaja. "Pikipiki yangu haihusiki na kesi hii!"

Kwa Wakili halikushika hata upande mmoja. Lilifika, likaondoka.

Wote watatu waligeuka kumtazama Msasa.

"Msinitazame," alisema. "Mimi ni kama daktari, siri ya mgonjwa sitoi. Ila Breki, siku ile ulipoingia kwangu kwa mlango wa mbele ukauliza mbona kuna harufu ya kahawa, Wakili alikuwa ndiyo kwanza ametokea mlango wa nyuma na kikombe chake."

Begi lilikuwa chini, kila mmoja analiona, hakuna anayelitaka. Shangazi Birika ndiye aliyeliinua, akalikung'uta kwa upindo wa aproni yake, akaenda kwenye pikipiki yake ya kubebea maji. Tangi lake, chuma kitupu bila puti, lilikuwa na mabonde kama sufuria iliyohama nyumba nyingi, na kila bonde mtaa uliijua siku yake. Akalitua begi.

Kop! Kop!

Lilikaa ndani ya bonde kubwa kama mtoto kwenye kiuno cha mama yake. Breki alijaribu kulivuta, pikipiki nzima ikamfuata.

"Lakini sheria," Wakili alianza, "inasema aliyeanguka anakaa mkiani..."

"Basi kaeni mkiani."

"Wote?"

"Wote."

"Na mbele atakaa nani?"

"Mbele linakaa begi," alisema Shangazi Birika. "Na begi liko kwangu."

Wakili alilivuta begi kutafuta ushahidi, likakataa kutoka. Kilomita alisogea karibu na birika, sauti chini. "Shangazi, angalau niwe wa pili."

"Utakuwa wa pili, mwanangu. Ila usisalimie mtu njiani."

Alianza kukusanya vikombe, hata vile vyenye kahawa bado. Kesho ni alfajiri, alisema, kila mtu akalale. Wakaanza kutawanyika, kila mmoja anasukuma pikipiki yake, hakuna aliyethubutu kuiwasha kwa aibu.

"Na wewe Msasa, utapanda nyuma yangu. Uje na kopo lako la puti."

"Na rangi, shangazi, nije na ipi?"

Shangazi Birika aliyatazama matangi matatu yakiishia mtaani, jekundu, la bluu na jeusi.

"Zote."